Nani Kamwita Mpotevu?

Kuna shairi moja lisilo na mtunzi, maana watunzi wake ni wengi mno. Kila msimu huletwa upya mbele ya wahariri, mara kwa vina vya -na, mara kwa vina vya -ni, na kila mara huwa ni lile lile. Mama ameketi kizingitini, macho njiani. Kijana yuko ughaibuni, kwenye theluji. Amesahau mila, amesahau kaburi la babu yake, amezama katika anasa. Ubeti wa mwisho humwamrisha arudi, na aghalabu humtishia laana iwapo hatarudi. Mizani huwa imetimia, vina havina kasoro, na wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kuridhika. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni ukweli.

Kijana huyo hakupotea. Yuko mahali panapojulikana, anafanya kazi inayojulikana, na simu akipigiwa hupokea. Kilichopotea ni habari zake katika lugha ya Kiswahili. Na aliyezipoteza si yeye. Waliozipoteza ni wenye kalamu, waliochagua kumlilia badala ya kumuuliza.

Watu wa pwani wamezoea kudhani kwamba kusafiri ni jambo lao, kwa kuwa bahari iko mlangoni. Ni vyema, basi, mfano uchukuliwe mbali na bahari, katika pembe ya nchi ambayo mashairi ya pwani hayaitaji. Msanzi ni kata ya Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Mji mkubwa wa karibu ni Sumbawanga. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi Ziwa Tanganyika na bandari ya Kasanga. Upande wa kusini ni Zambia. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mtu aweza kuzeeka bila ya kuonja maji ya chumvi. Na achukuliwe kijana mmoja wa kuwaziwa, asiye fulani bin fulani, aliyezaliwa Msanzi na ambaye leo anatunga programu za kompyuta mjini Berlin. Hapewi jina kwa sababu njia aliyoipita imepitwa na wengi, wa Rukwa na wa Pemba, wa Mombasa na wa Kampala.

Mtazame alivyofika. Kifipa alikinyonya nyumbani. Kiswahili kilimpokea skuli ya msingi. Alipoingia sekondari alikuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza kwa siku moja, kama mtu aliyelala Tanganyika akaamka Uingereza. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ilifungua njia ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Njia ikafunguliwa juu ya karatasi, na madarasa ya sekondari yakabaki na Kiingereza. Kijana hakulalama, akajifunza. Kisha akajifunza lugha ya nne, ambayo ni ya mashine, na ya tano, Kijerumani. Mtu aliyevuka lugha tano kabla ya kutimiza miaka thelathini anaitwa mfasiri popote pale panapoheshimiwa elimu. Kwa nini barazani aitwe mpotevu?

Wapenzi wa ushairi wangestahiki kuwa wa kwanza kumfahamu. Kazi yake inaitwa kutunga, kama yao. Huichukua nia ya mtu, iliyojaa mambo yanayofahamika bila ya kusemwa, akaifasiri kwa msikilizaji asiyefahamu chochote kisichosemwa. Mashine haina huruma ya mhariri. Shairi lenye guni huenda likapenya likachapishwa. Programu yenye guni husimama pale pale, haisogei. Anayekesha akitafuta nukta moja iliyokosekana katika mistari elfu anaujua uchungu wa anayetafuta silabi ya nane. Ni jamaa wa fani, naye kafungiwa mlango wa fani.

Tuhuma ya kwanza anayobebeshwa ni ya safari yenyewe, na hutolewa kwa methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Husemwa kana kwamba ni hati ya mahakama ya kumkamata mkimbizi. Lakini methali hiyo ni ya mabaharia. Tezi, omo na ngama ni sehemu za chombo kimoja. Aliyekwenda omo hajatoka chomboni. Na ngama ndiko maji yanakojikusanya, ndiko kwenye kazi ya kufua maji ili wote wasizame. Methali inawakumbusha walioko tezi, walioko omo na waliolala chini ya tanga kwamba hatima yao ni moja. Anayeitumia kumlaani msafiri ameisikia barazani tu. Huenda hajapanda jahazi.

Ufipa nayo ina chombo chake, nacho kina la kusema katika kesi hii. Mwaka 1913 meli moja ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma. Ikaelea ziwani mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikihudumia bandari za Ziwa Tanganyika, Kasanga ikiwamo. Kasanga hiyo Wajerumani waliiita Bismarckburg, kwa jina la waziri wao mkuu. Chuma cha Papenburg kilipofika Ufipa hakuna aliyekiita kipotevu. Kijana wa Ufipa akifika Ujerumani, anatungiwa shairi la matanga.

Wala kijana huyo si wa kwanza kuondoka uwandani kutafuta riziki. Katika enzi ya ukoloni wanaume wa Ufipa walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko kwenye mkonge waliitwa manamba, kwa sababu ya zile namba walizopewa. Mjukuu wa manamba amekwenda mbali zaidi ya babu yake, na tofauti iliyopo ni kubwa: babu alihesabiwa, mjukuu anahesabu. Ikiwa kuna aibu katika safari hizi mbili, si ya safari ya pili.

Na pwani je? Pwani imesahau kwamba nathari yake ya safari ilianzia kwa vijana kama hawa. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na Mjerumani aliyeitwa Bumiller hadi Urusi na Siberia, akaiandika safari yake kwa Kiswahili; ikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Velten, sehemu yake kubwa huhesabiwa kuwa kazi ya Mtoro. Kila anayetaka kujua ndoa, ngoma na mazishi ya pwani ya karne ya kumi na tisa hukiendea kitabu hicho. Kioo ambacho pwani hujitazamia kilikuja kutoka Ujerumani, na aliyekisugua alikuwa mtu wa ughaibuni.

Kisa cha Mtoro hakiishii hapo. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Kazi ya seminari ikamponyoka. Mwaka 1905 akapanda meli na mkewe kurudi Afrika Mashariki, na alipofika, serikali ya kikoloni ikawakataza kuteremka. Akarudishwa Ujerumani, akaishi kwa kutoa mihadhara juu ya nchi ambayo asingeikanyaga tena, hadi alipofariki mwaka 1927. Mtu huyu alitii ule ubeti wa mwisho kabla haujatungwa. Alirudi, akaziona nyumba za kwao akiwa juu ya sitaha, na hakuruhusiwa kukanyaga ardhi. Mshairi anayeamrisha "rudi!" kwa wepesi wa kina, ajiulize kwanza ni nani anayeshika ufunguo wa bandari.

Tuhuma ya pili ni ya burudani. Picha za kijana zinafika Msanzi na Sumbawanga: yuko juu ya baiskeli, yuko mlimani, yuko mbele ya bao la sataranji, amekumbatia gitaa. Basi husemwa kwamba anachezea maisha, na methali ya pili huitwa kutoa ushahidi: mcheza kwao hutuzwa. Maana inayotolewa ni kwamba achezaye ugenini hana tuzo.

Hapa pana unafiki ambao jarida la ushairi halifai kuunyamazia. Ushairi wa Kiswahili ulitungwa na nani, isipokuwa na watu waliokuwa na kazi nyengine mchana? Shaaban Robert alikuwa karani; miaka mingi aliitumikia Idara ya Forodha, na mashairi aliyatunga kwa saa zilizobaki. Ondoa saa za faragha, na nusu ya fasihi hii inatoweka. Aliyeirithi neema hiyo hana haki ya kumlaumu kijana kwa kuwa naye ana saa zake jioni.

Tena saa zenyewe si nyingi kama inavyodhaniwa. Sheria ya Ujerumani humpa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua wiki nne kwa mwaka. Sheria ya Kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inataja siku 28. Hesabu ni ile ile! Kilichotofautiana ni kwamba kule likizo huchukuliwa, ilhali huku wengi hufanya kazi za vibarua na za mikataba ya mdomo, zisizoijua sheria hiyo. Basi picha ya mlimani inayowachoma watu si picha ya anasa. Ni picha ya haki iliyoandikwa pande zote mbili na kutekelezwa zaidi upande mmoja. Hasira ina mahali pake, lakini si kwa mwenye baiskeli.

Yako mengine ambayo mtungaji wa matanga hayajui kwa kuwa hakuuliza. Berlin haina baraza. Hakuna jiwe la kukalia nje ya mlango, hakuna kahawa ya jioni inayomkusanya ajuaye na asiyejua. Mgeni asipolitafuta baraza lake hufa kwa kimya. Klabu ya sataranji, kwaya, timu ya mpira ya Jumamosi, kikundi cha wapanda milima, hayo ndiyo mabaraza ya huko, na mtu huingia kwa kujua kucheza hata kama hajajua kusema. Anayeiona sataranji ya kijana kuwa upuuzi, hajapitisha miezi mitatu bila ya kusikia mtu akilitaja jina lake kwa usahihi. Hayo yangekuwa mashairi, laiti yangetungwa. Kwa sasa yako katika ujumbe wa simu, nusu kwa Kiingereza, nao hufutika.

Na baridi? Hapo washairi wa mwambao wamemlilia sana. Ni machozi ya bure. Uwanda wa Ufipa uko juu sana, na mwezi wa Juni na Julai watu wa Sumbawanga huvaa makoti na huota moto. Mtu wa Msanzi amezaliwa na upepo. Theluji ni ngeni kwake, baridi si ngeni. Kosa hili ni dogo, lakini linaonesha kosa kubwa: shairi lilitungwa kabla ya kumjua mtu, kisha mtu akavishwa.

Tuhuma ya tatu ndiyo chungu zaidi, nayo ni ya kazi. Kijana anatafuta kazi. Ameandika maombi mia, amejibiwa kumi, ameitwa mara tatu. Ameacha kampuni moja akaingia nyengine, akapunguzwa, akaanza upya. Huku nyumbani husemwa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Angekuwa fundi kweli, je, angebisha milango?

Jibu la kwanza linapatikana Unguja, na inashangaza kwamba Waunguja wanahitaji kukumbushwa. Siti binti Saad wa Fumba alitembeza vyungu. Alivibeba na kuvinadi njiani kwa sauti yake, na ni sauti hiyo ya mchuuzi iliyokuja kuifanya dunia isikilize. Mwaka 1928 ilimfikisha Bombay kurekodi santuri. Chema chake kilijitembeza, tena kwa miguu. Methali ile ni ya mwenye duka anayengoja wateja kivulini. Haikutungwa na mtu aliyewahi kuwa na njaa na fani pamoja.

Jibu la pili ni kuitazama kazi yenyewe ya kutafuta kazi. Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani imekuwa na kibali kiitwacho Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Mgeni mwenye mafunzo yanayotambuliwa hupimwa kwa pointi, kwa lugha, umri, ujuzi na mengineyo, na akipata walau pointi sita aweza kuruhusiwa kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, maadamu aoneshe kuwa ana fedha za kujikimu. Kazi ndogo anaruhusiwa, isizidi saa 20 kwa wiki. Mwaka mmoja, kisha ama mkataba ama uwanja wa ndege. Anayeishi ndani ya hesabu hiyo, akilala na tarehe kichwani, si mtalii. Hakuna mtihani wa jando wenye masharti kama hayo, na jando lina nyimbo zake.

Na akishapata kazi hajapata salama. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kuwapunguza watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Walioachishwa walikuwa miongoni mwa mafundi hodari wa dunia. Nani atathubutu kuwaambia kwamba kibaya chajitembeza?

Husemwa pia kwamba angebaki Afrika Mashariki, kazi hiyo ipo. Ipo, lakini isikilizwe ni ya nani. Andela, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 na yenye makao New York, iliwafunza na kuwaajiri vijana wa Lagos, Nairobi na Kampala ili watunge programu kwa ajili ya kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 soko la wanagenzi likapungua huko, na mamia ya chipukizi wakaagwa huku. Miguu yao haikuvuka bahari, lakini riziki yao ilikuwa ng'ambo siku zote. Fundi hufuata tanuri, na tanuri la kazi hii kwa sasa liko mbali, mtu awe ameondoka au amebaki.

Ufipa inalijua jambo hili kuliko mahali pengi. Wafipa walikuwa wafua chuma. Walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila ya mivukuto, kisha chuma kilichopatikana wakakisafisha katika tanuri dogo zaidi. Hiyo ilikuwa sayansi, yenye vipimo, siri na heshima yake. Majembe ya kiwandani yalipoletwa kutoka Ulaya, malungu yakapoa, na mabaki yake yakaachwa yasimame porini. Mafundi wale hawakupotea. Soko liliwatoka. Kitukuu wa mfua chuma ameukuta moto umezimika, akaenda unakowaka. Kumlaumu yeye ni kumlaumu aliyefiwa kwa kuwa na msiba.

Iko hoja nzito kuliko methali zote tatu, na haifai kuikwepa. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano juu ya wasomi: kwamba wao ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, akila asirudishe chochote, ni msaliti. Mfano huo una meno hadi leo. Skuli ya kijana wa Msanzi ililipiwa na mahindi na maharage ya watu ambao watoto wao hawakufika. Deni lipo, na mwenye kulikana ni mwongo.

Lakini mfano usomwe wote. Kwanza, mtu yule hakulaaniwa kwa kwenda mbali. Mbali ndiko alikotumwa. Pili, mfano unachukulia kwamba atakaporudi lango litakuwa wazi. Je, liko wazi? Ujerumani, tangu Juni 2024, humruhusu mgeni achukue uraia wake bila ya kuukana ule wa kwao. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa pili. Akiuchukua wa kule, anaupoteza wa huku, na Serikali imechagua kumtungia hadhi maalumu badala ya kumwacha awe mwana kamili. Mama yake naye akitaka kwenda kumwona, atasafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam kuomba viza ambayo, tangu Juni 2024, ada yake ni euro 90, na akikataliwa harudishiwi. Milango yote miwili ina komeo. Mshairi anayemwimbia kijana peke yake, na kuyanyamazia makomeo, ameuchagua upande ulio rahisi.

Tatu, na hili ndilo linalowahusu wasomaji wa kurasa hizi, mfano unataka aletwe chakula, nao wenye baraza wametafsiri chakula kuwa fedha tu. Akituma fedha, ni mwana. Asipotuma, ni mpotevu. Kwamba huenda akaleta elimu, istilahi, habari, wimbo, namna mpya ya kuyatazama mambo, hakuna anayemwomba. Mtu hawezi kuleta kile ambacho kijiji kimekwisha amua kwamba si chakula.

Itasemwa kwamba wapo waliopotea kweli, waliowatelekeza wazee wao wakaangamia kwa ulevi na upweke. Wapo. Wapo pia Sumbawanga mjini, mwendo wa basi moja kutoka kwa mama zao, na hakuna anayewatungia shairi la theluji. Utovu wa fadhila hauna viza.

Visiwa vinapaswa kujifunza kutokana na kisa chao wenyewe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kijana katika miaka ya 1960. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994. Kiswahili kiliisubiri miaka 28. Tuzo ya Nobeli ilikuja mwaka 2021, na mwaka 2022 ndipo ilipotoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tafsiri ni ya kushukuriwa. Kuchelewa ni kwa kuonewa haya. Mwana wa kisiwa alihitaji muhuri wa Stockholm ndipo lugha ya kisiwa imfungulie mlango. Kijana wa Msanzi hatapata Nobeli, maana hakuna Nobeli ya kutunga programu. Je, asubiri nini?

Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba habari yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili, na waliozifasiri walilazimika kutafuta neno kwa kila kitufe na kila amri. Ilikuwa kazi ya kifasihi kwa maana halisi ya neno. Mashairi ya kuwasifu yako wapi? Wenye lugha walikuwa wakibishana kama kitu kile ni ngamizi au tarakilishi, ilhali vijana walikwisha kukiita kompyuta na kuanza kukifanyia kazi. Istilahi huzaliwa na wafanyao, kisha baraza huibariki. BAKITA na BAKIZA zingefanya jambo jema zikiwaandikia hawa walioko Berlin, Muscat na Toronto na kuwauliza: hili mnaliitaje mnapozungumza wenyewe kwa wenyewe?

Majarida ya ushairi yana wajibu mwepesi zaidi. Yaache kulichapisha lile shairi. Limekwisha chapishwa vya kutosha. Nafasi yake wapewe wenyewe walioko mbali, waandike juu ya barua ya kukataliwa kazi inayoanza kwa shukrani, juu ya siku ya kupokea kibali, juu ya sataranji na Mjerumani mzee asiyesema, juu ya kumpigia simu mama na kusikia mvua ya Ufipa juu ya bati. Kiswahili chao kikiwa na kutu, wahariri wapo. Kusugua kutu ndiyo kazi yao. Selim aliiandika Siberia zaidi ya miaka 120 iliyopita, bila ya kamusi ya kumsaidia na bila ya jarida la kumngoja. Hawa wana majarida, na majarida hayawangoji.

Na kijana naye ana sehemu yake. Deni lake kubwa si la fedha. Mtoro, aliyefungiwa bandari, alikwisha iachia pwani kitabu. Yeye aliyefunguliwa dunia akiishia kuandika maisha yake kwa lugha za waajiri tu, atakuwa ameliacha deni hilo hapo lilipo, na wajukuu wa Msanzi watakuja kuisoma habari yake kwa tafsiri, ikiwa itatafsiriwa.

Mama wa Msanzi, akipigiwa simu jioni, baada ya salamu na habari za shamba, huuliza jambo moja ambalo mashairi hayajawahi kuliuliza: "Mwanangu, hasa huko unafanya nini?" Na mwana mwenye lugha tano, anayeweza kuifahamisha mashine isiyofahamu kitu, hukwama. Hakuna hadithi aliyowahi kuisoma ya mtu kama yeye, hakuna shairi la kuazima neno. Hujibu, "Kazi za kompyuta, mama," kisha huuliza kuhusu mvua. Katikati ya swali lile na jibu lile ndipo palipopotea mtu. Na wenye kalamu walikuwapo, wakihesabu mizani.